Kanga ya Viganja: Uchambuzi wa Kisa cha Zawadi ya Wajukuu kwa Bibi Yao

Kisa hiki ni cha familia moja ya pwani. Majina, mtaa na mji vimeondolewa, na watoto tunawataja kwa umri wao. Tumekichagua kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa nzuri na bibi aliifurahia, lakini kanga iliharibika ilipofuliwa mara ya kwanza, na chanzo cha uharibifu huo kilionekana siku nyingi kabla.

Usuli

Bibi ana miaka 74. Anakaa na mwanawe wa kiume, mkwewe na wajukuu watano: wa miaka 11, 9, 7 na 4, na mchanga wa miezi mitatu. Mjukuu wa sita, wa miaka 6, anakaa na wazazi wake katika nchi moja ya Ghuba. Shangazi wa watoto anaishi nyumba ya tatu na kazi yake ni kutarizi foronya. Yeye ndiye aliyesimamia sindano, na mama wa watoto akasimamia rangi.

Mambo mawili kuhusu bibi yalikuwa na uzito katika kila uamuzi. Kwanza, hujifunga kanga kila siku na huifua mwenyewe kwa mkono, kwa sabuni ya mche. Pili, ana mtoto wa jicho na alikuwa akisubiri kufanyiwa upasuaji. Mwenye mtoto wa jicho huona kama anatazama kupitia kioo chenye ukungu wa manjano: rangi hafifu humpotea, na ya manjano juu ya nyeupe huwa kama haipo.

Zawadi ilitakiwa iwe tayari siku ya Idi, na walianza wiki tano kabla. Wazo lilikuwa la mjukuu wa miaka 11: bibi ashonewe kanga ambayo pindo lake ni la kanga ya dukani, lakini mji wake, yaani sehemu ya katikati, una viganja vya wajukuu, na jina lake, yaani maneno yaandikwayo juu ya kanga, limetarizwa nao wenyewe.

Jaribio la kwanza

Mama alinunua marikani, kitambaa kizito cha pamba, akakata kipande na kuwaita watoto wapige viganja kwa rangi za maji walizokuwa nazo za shule. Viganja vilitoka vizuri. Shangazi alipofika jioni alikitia kile kipande kwenye beseni kabla mtu hajasema neno, akasugua kwa sabuni. Baada ya dakika tano kilibaki kivuli cha kijivu tu.

Rangi ya shule imetengenezwa iondoke kwenye sare na kwenye meza. Kinachoishikilia ni gundi inayoyeyuka kwa maji, kwa hiyo hata uisubiri ikauke wiki nzima itatoka. Rangi ya maji ya ukutani ilitajwa ikakataliwa. Huo utando wake mgumu hukatika kila kitambaa kinapokunjwa, kisha hubanduka vipande. Bibi mmoja jirani akashauri hina, kwa kuwa inashika mkono wiki mbili. Hina hushika ngozi, ukucha na nywele kwa kuwa vyote hivyo vina protini. Pamba haina protini. Juu ya pamba huacha doa la kahawia linalofifia kila likifuliwa. Na piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia mwili, isitajwe kabisa karibu na watoto, kwani dawa iliyomo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu.

Wakaamua kununua rangi ya akriliki ya kitambaa, ile inayofungwa kwa joto la pasi: chupa tatu ndogo, bluu iliyokoza, damu ya mzee na kijani kibichi. Watoto waliomba manjano na waridi. Mama alikataa kwa sababu ya macho ya bibi, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya kisa hiki.

Kuandaa kitambaa

Marikani mpya ina wanga wa kiwandani. Wanga huo huzuia rangi isizame, na kitambaa chenyewe hurudi kikifuliwa. Walikata sentimita 165 kwa 120, wakaloweka usiku kucha, wakafua kwa sabuni bila kutia dawa ya kulainisha nguo, wakaanika juani na kupiga pasi. Kilitoka na sentimita 156 kwa 116. Urefu ulirudi zaidi ya upana, kama ilivyo kawaida, maana nyuzi za urefu ndizo zinazovutwa sana mtamboni. Laiti wangechapa kabla ya kufua, viganja vyote vingejikunja pamoja na kitambaa. Baadaye kilipunguzwa hadi 150 kwa 110, na baada ya kupindwa kanga ilibaki na 146 kwa 106.

Kabla ya rangi kufunguliwa, watoto walichora viganja vyao kwenye gazeti, wakavikata na kuvipanga juu ya kitambaa siku mbili nzima, wakivihamisha. Mpangilio waliokubaliana ni upinde: viganja vinane vya wanne wakubwa, vidole gumba vikigusana, nyayo mbili za mchanga katikati, na nafasi moja imeachwa kwa ajili ya mjukuu wa Ghuba.

Kupiga viganja

Chini ya kitambaa walitandika blanketi lililokunjwa mara nne, juu yake nailoni. Blanketi lina kazi: kiganja kina shimo katikati, na juu ya meza ngumu shimo hilo haligusi kitambaa, ukapata vidole vitano na kisigino cha mkono visivyoungana.

Rangi haikumiminwa kwenye sahani ili mtoto achovye. Ilipakwa kwa kipande cha sponji, kwa kugonga-gonga, kijiko kimoja cha chai kikitosha viganja viwili vya mtoto wa miaka saba. Mistari ya kiganja ionekane chini ya rangi. Isipoonekana, rangi imezidi. Kisha mkono huwekwa mara moja, mtu mzima hukandamiza kila kidole kwa zamu, na mkono huinuliwa wima bila kuburuzwa.

Wa miaka 4 hakungoja. Alijipaka mwenyewe, akapiga mkono wa kulia ukiwa umejaa rangi nzito. Mama alitaka kufuta, shangazi akamwambia, “Wifi, uache, huyo ndiye yeye.” Kiganja kile kilibaki, kinene, na kidole kimoja kimeteleza.

Mchanga ndiye aliyehitaji ujuzi zaidi. Mtoto wa miezi mitatu ukimgusa kiganja hufumba ngumi, si kwa ukaidi bali ndivyo mwili wake ulivyoumbwa kufanya katika umri huo. Ndiyo maana walichagua nyayo. Nao unyayo ukiubonyeza katikati vidole hujikunja, ila ukiusugua ukingo wake wa nje, toka kisigino kupanda juu, vidole hutanuka. Shangazi alimsubiri anyonye asinzie, akampaka, akasugua ukingo kwa kucha ya kidole, na vidole vilipotanuka mama akakisogeza kitambaa kwenye unyayo kikiwa kimetandazwa juu ya kitabu. Kumsogeza mtoto kwenye kitambaa kungemwamsha. Baada ya hapo miguu iliogeshwa papo hapo kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mtoto wa umri huo kila kitu hakikawii kufika mdomoni.

Hitilafu moja ilitokea hapa. Saa tatu baadaye kitambaa kilionekana kikavu, mvua ikaanza, na mtu akakikunja kukiingiza ndani. Katika unyevu wa pwani uso wa rangi hukauka na ndani hubaki mbichi. Kiganja cha wa miaka 9 kiliacha kivuli upande wa pili, karibu na ukingo. Kwa bahati kilikuwa mahali ambapo pindo lingepita juu yake. Kwa sababu hiyo pindo lishonwe mwisho: hufunika mengi.

Kilikaa kimetandazwa kivulini saa 24, kisha kikapigwa pasi upande wa nyuma, joto la pamba, bila mvuke, kila sehemu dakika nne huku pasi ikisogea. Kitambaa kikavu kiliwekwa chini kupokea rangi itakayotoka. Hakikupokea kitu.

Jina

Kanga haijawa kanga bila jina. Wakubwa walitaka methali, na zilitajwa kadhaa. Wa miaka 7 akasema bibi hasemi hayo, bibi anasema “Mmeshakula?” kila mtu anapoingia mlangoni, hata kama ametoka jikoni. Kimya kilipita kidogo. Baba wa watoto aliona si la heshima kuvaliwa mabegani. Mwisho walikubaliana: MMESHAKULA WAJUKUU ZANGU? Kwa maoni yetu hakuna methali ambayo ingelishinda. Jina la kanga huwa neno la mvaaji kwa watu wengine, na hilo ni neno la bibi mwenyewe.

Jina hilo lina herufi 22, nafasi mbili na alama ya kuuliza, jumla vituo 25. Kila herufi ilikuwa na urefu wa sentimita 6 na upana wa 3, ikifuatiwa na sentimita moja tupu, kwa hiyo jina zima lilichukua sentimita 100 katika mji wenye upana wa 116. Wa miaka 9 alianza kuandika toka kushoto kwa kukisia, na alipofika ZANGU nafasi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa penseli, ikafutika. Peni isingetoka, tena pasi ingeifunga pale pale. Njia sahihi ni kuanzia katikati: kituo cha 13 ndiyo A ya kwanza ya WAJUKUU, hiyo huwekwa kwenye mstari wa katikati ya kitambaa, kisha unakwenda kulia na kushoto.

Shangazi aligawa herufi kwa umbo wala si kwa mpangilio wa maneno. Herufi zenye kona ni 14 na zenye mviringo ni nane: S, J, G na U tano. Wa miaka 11 alipewa zote nane za mviringo pamoja na alama ya kuuliza. Wa miaka 7 alipewa E, H, L na Z. Wa miaka 9 akapewa kumi zilizobaki. Uzi ulikuwa wa kutarizi, bluu iliyokoza, nyuzi tatu kati ya sita, urefu usiozidi mkono hadi kiwiko cha mtoto, maana uzi mrefu hujisokota na mtoto hukata tamaa. Mshono ulikuwa wa mnyororo, ambao huinuka juu ya kitambaa. Herufi moja ilimchukua mtoto kama nusu saa hadi dakika arobaini, na kila siku walifanya moja tu, baada ya alasiri.

Wa miaka 7 alishona Z ikatazama nyuma. Usiku mama aliifumua, akaishona upya vizuri. Asubuhi mtoto akaigusa, akajua. Siku mbili hakushika sindano. Shangazi aliifumua ya mama, akamrudishia, na mara hii Z ilitazama inakotakiwa ila mstari wake wa chini umepinda kama mkia. Marikani iliyofumuliwa mara mbili huacha matundu. Walilowesha kidole, wakasugua upande wa nyuma, na mengi yakajifunga.

Mkono wa Ghuba

Mama wa mjukuu wa Ghuba alituma picha ya kiganja kwa simu. Ilipochapishwa dukani kikatoka kiganja cha mtu mzima. Picha haina kipimo mpaka kuwe na kitu chenye urefu unaojulikana kando yake. Waliomba ya pili, mkono umechorwa kwenye daftari la hesabu lenye miraba, na huku wakahesabu miraba, wakachora upya kwenye daftari la aina ileile baada ya kuhakikisha kwa rula kwamba miraba inalingana. Mchoro ukahamishiwa kwenye kitambaa kwa kukishika dhidi ya kioo cha dirisha. Shangazi akautarizi ukingo wake tu, bila rangi ndani.

Pindo

Hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, na lilichukua alasiri moja tu. Wazo la mwanzo lilikuwa kukata kanga kuukuu ya bibi. Shangazi alikataa kwa sababu mbili: kwamba kanga ya mtu haikatwi bila mwenyewe kuulizwa, na kwamba kuukuu ile, ukiitazama kwenye mwanga, ilikuwa imekonda mno kubeba mshono. Mama akatoa upande mmoja wa doti yake mpya (jozi ya kanga mbili), nyekundu. Vipande vinne vya upana wa sentimita 17, vya kutoa pindo la 15, vilikatwa, vikapigwa bandi, vikashonwa kwa cherehani.

Kanga ile haikufuliwa. Walitaka ibaki na ugumu wake wa dukani ili ipendeze siku ya Idi.

Siku ya Idi na baada yake

Bibi alipewa baada ya salamu za asubuhi. Hakuisoma, aliipapasa. Vidole vilipita juu ya herufi moja moja hadi ZANGU, vikasimama kwenye mkia wa Z, akauliza, “Huu mkono wa nani?” Wa miaka 7 akaitikia. Kisha akauliza kwa nini mkono mmoja una ukingo tu, akaambiwa ni wa yule wa mbali. Akajitanda ile kanga akakaa nayo mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata aliifua. Pindo jekundu lilichuja kwenye marikani nyeupe, pembe mbili na unyayo wa kushoto wa mchanga. Mkwewe aliiona ikiwa bado mbichi kwenye kamba, na hilo liliokoa mengi. Waliirudisha kwenye maji baridi mengi, wakabadilisha maji mara saba, wakakatazana kuianika juani au kuipiga pasi kabla doa halijafifia. Hawakutia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na walifanya vyema, kwani ingekula uzi wa kutarizi pamoja na pindo lenyewe. Limebaki waridi hafifu.

Miezi mitano baadaye kanga imefuliwa karibu kila wiki. Viganja vya rangi nyembamba viko kama siku ya kwanza. Kiganja kinene cha wa miaka 4 kimepasuka katika mikunjo. Herufi mbili, A na K, zilianza kufumuka kwa sababu ncha za uzi zilifungwa fundo likakatwa karibu mno, badala ya kupitishwa chini ya mshono wa nyuma sentimita tatu hivi. Bibi haendi nayo shughulini, kwa kuwa marikani ni nzito kuliko kanga na joto la pwani halisemi uongo. Hujifunika miguu akikaa barazani alasiri.

Uchambuzi

Ukipanga makosa ya kisa hiki utaona ni ya aina mbili. Kuna ya mkono wa mtoto: Z iliyogeuka, kidole kilichoteleza, rangi iliyozidi. Na kuna ya kazi: kitambaa kilichokunjwa kibichi, fundo lililokatwa, pindo lisilofuliwa. Familia hii ilikesha ikisahihisha aina ya kwanza na ikaiachia ya pili ipite. Inafaa iwe kinyume chake. Mkia wa Z ndio uliomfanya bibi aulize mkono wa nani. Z ya mama ingepapaswa na kupitwa. Lakini hakuna mtoto wa miaka saba anayeweza kujua kuwa nyekundu mpya inachuja. Hilo ni deni la mtu mzima.

Na lilikuwa jepesi kulipa. Lowesha kona ya kanga mpya, iweke kati ya vitambaa viwili vyeupe, piga pasi ya moto. Nyeupe ikipata rangi, kanga ifuliwe peke yake mara tatu nne mpaka maji yatoke safi, na isipokoma kuchuja itafutwe nyingine. Wengi huloweka kwenye chumvi au siki wakiamini hufunga rangi. Kwa rangi zinazotumika sasa viwandani hazifungi kitu. Kinachosaidia ni kuitoa rangi iliyozidi kabla haijapata mahali pa kwenda.

Shangazi alilijaribu kila jambo kwa beseni isipokuwa pindo. Kipande cha majaribio kilichookoa kazi siku ya kwanza kingeiokoa tena kama kingeshonewa ukanda wa pindo wa sentimita kumi na kufuliwa. Sababu ya kutofanya hivyo ilikuwa ugumu wa dukani, yaani walikuwa wakiifikiria asubuhi ya Idi, na bibi alikuwa akifikiria nguo ya kuvaa na kufua. Uzito wa marikani una chanzo kilekile. Hakuna aliyeuliza itavaliwa wapi. Kama wangeuliza, kanga nyeupe ya pamba isiyochapwa, au hata shuka ya pamba nyepesi, ingepokea rangi ileile na ingevalika shughulini. Poliesta ndiyo isingefaa: rangi haizami, nayo pasi ya kuifunga ingeikunja.

Kuhusu kiganja kinene, hatuoni kama kosa la kurekebishwa, ila lingeweza kuzuiwa kwa kumpa wa miaka 4 sponji yenye rangi kidogo mkononi mwake mwenyewe tangu mwanzo. Alitaka kujipaka. Mtoto wa umri huo anayengojeshwa huku wengine wakipiga viganja lazima atajichukulia.

Mkono wa Ghuba ungeweza kufanywa vizuri zaidi. Kipande cha marikani iliyokwisha kufuliwa, sentimita 25 kwa 25, kingepelekwa na msafiri pamoja na rangi kidogo, kikarudi na kiganja chenyewe, kikashonewa mahali pake. Wiki tano zilitosha iwapo wangeanza na huyo badala ya kummalizia. Mjukuu huyo alipokuja likizo aliuweka mkono wake juu ya ule ukingo, na vidole vilikuwa vimeshapita mstari. Mama alitoa chupa ya rangi iliyobaki ili waujaze. Bibi akasema uachwe ulivyo, akamwuliza mtoto kama ameshakula.